MTOTO ANA HAKI YA KUCHEZA, NA SISI TUMEMDHULUMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juzi baada ya Swala ya Ishaa walinifuata wazee watatu, watu wazima ninaowaheshimu. Walikuwa na lalamiko. Katika madrasa yetu watoto wanasoma kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Tangu baada ya Idi tumeweka utaratibu kwamba wakimaliza kuswali Alasiri wanatoka uwanjani nusu saa. Wavulana wanakimbia na kucheza mpira, wasichana wanaruka kamba na kucheza rede nyuma ya ukuta pamoja na ustadhati wao. Kisha wanatawadha na kurudi darasani.

Mzee mmoja akaniambia, "Sheikh, sisi tumeleta watoto wasome Qur'ani. Kama unataka timu, fungua timu." Mwingine akasema kuwaruhusu wasichana waruke kamba ni kuwaondoa haya.

Niliwajibu kwa adabu tukaagana vizuri. Lakini najua wengi mnaosoma hapa mna fikra hiyohiyo, ila hamjanifuata msikitini. Basi leo nitasema, na ukiudhika, niwie radhi, lakini soma mpaka mwisho.

Kwanza, hesabu saa za mtoto wako. Anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na mbili gari la shule limeshapiga honi. Anakaa kwenye dawati mpaka mchana. Anakuja madrasa, anakaa kwenye mkeka. Anatoka madrasa anapelekwa tuisheni, anakaa kwenye benchi. Anarudi nyumbani kwa kazi za shule, anakaa. Akimaliza anapewa simu ili asimsumbue mama, anakaa tena. Mtoto wa miaka tisa anakaa zaidi ya karani wa benki! Halafu unaniuliza, "Ustadhi, mbona mwanangu hashiki sura?"

Utaniambia shuleni kuna kipindi cha michezo. Muulize mtoto leo usiku mara ya mwisho walitoka lini. Kwenye ratiba kipindi kipo, lakini mtihani ukikaribia mwalimu wa hesabu anakichukua, na siku hizi mtihani unakaribia mwaka mzima. Shule nyingine hazina hata uwanja, umejengwa fremu za maduka. Na yale mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA ni mazuri, lakini wanaokwenda ni wale wachache wenye vipaji. Mtoto mnene, mtoto mwenye aibu, mtoto anayechoka haraka, hao ndio wanaohitaji mazoezi zaidi, na hao ndio tunaowaacha wakae pembeni washike viatu vya wenzao.

Sasa tuje kwenye dini, maana hapo ndipo mnaponishitaki.

Soma Surat Yusuf. Ndugu zake Yusuf walipomwomba baba yao amruhusu, walimwambia aende nao akafurahi na kucheza. Nabii Yaaqub (a.s.) alichohofia ni mbwa mwitu. Hakusema kwamba mtoto wa Nabii hachezi.

Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe, katika hadithi iliyomo kwenye Sahihi Muslim, Jibril alipomjia akiwa mdogo na kukipasua kifua chake, alimkuta anacheza na watoto wenzake. Mbora wa viumbe alicheza utotoni. Wewe wa kwako ni nani hata asicheze?

Akiwa mtu mzima alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, mara ya pili akashinda Mtume. Iko kwa Abu Daud. Aliwashindanisha watu kwa farasi. Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wake, naye akamsitiri Bibi Aisha apate kuwatazama. Alisema kwamba Muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Allah kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Na Abdullah bin Amr alipozidisha kufunga na kusimama usiku, alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Kama ibada ya mtu mzima haikuruhusiwa kuila haki ya mwili, tuisheni ya mtoto itairuhusiwa na nani?

Kuna anayesema, "Hayo ni ya jihadi na farasi, si ya watoto wa madrasa." Vizuri. Basi msikilize Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria. Katika Ihyaa, alipozungumzia kumlea mtoto, aliagiza kwamba akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri ili apumzike na uchovu wa masomo. Akaonya kuwa mtoto anayezuiwa kucheza na kubebeshwa masomo tu moyo wake hufa, akili yake huharibika, na atatafuta hila za kuyakimbia masomo moja kwa moja. Aliagiza pia kwamba sehemu ya mchana mtoto atembee na kufanya mazoezi ili uvivu usimtawale. Maneno haya yana zaidi ya miaka 900. Si ya Wazungu, na hayakuletwa na shirika lolote.

Na mimi ni shahidi wa onyo hilo, Allah anisamehe. Miaka zaidi ya ishirini nilifundisha kwa mtindo wa zamani. Mtoto akija na vumbi miguuni, namchapa. Nikikuta mpira wa matambara, naukata kwa kisu mbele yao. Alikuwepo kijana mmoja mwenye kuhifadhi haraka kuliko wote. Alifika juzuu tano, siku moja nikamchapa kwa sababu ya mpira, hakurudi. Leo ni dereva wa bodaboda. Mwaka jana alinibeba, na tuliposhuka akakataa nauli. Akaniambia kwa heshima, "Ustadhi, mimi sikuikimbia Qur'ani, nilikimbia fimbo." Sikulala usiku ule. Nitasema nini Siku ya Kiyama nikiulizwa juu ya juzuu zake ishirini na tano zilizobaki?

Tuje kwenye afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kutumia mwili kwa nguvu, yaani kukimbia, kuruka, kucheza mpaka pumzi ipande. Wataalamu wa shirika hilo walipokusanya takwimu za nchi 146 mpaka mwaka 2016, waliona vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Wasichana walikuwa 85, wavulana 78. Sasa ile nusu saa yangu mnayoilalamikia ni nusu tu ya haki ya mtoto!

Mifupa hujengwa utotoni na ujanani, na kuruka na kukimbia ndiko kunakoikaza. Moyo unapiga vizuri, damu inafika vizuri kwenye ubongo, usingizi unakuwa mzito, na mtoto akirudi darasani anatulia. Hata macho yananufaika. Watoto wanaotoka nje mchana wana hatari ndogo zaidi ya kuwa na tatizo la kutoona mbali kuliko wanaofungiwa ndani na vitabu na simu. Mimi mwenyewe nina kisukari. Daktari ameniagiza kutembea kila siku, na ninatembea kwa shida kwa sababu sikujenga mazoea. Sitaki mwanao aje kufundishwa kutembea na daktari.

Kuhusu wasichana. Ndugu yangu, haya ni nguo yake, ni tabia yake, ni mahali anapochezea. Kuvunjika mifupa si haya. Kuna ukuta, kuna ustadhati, wamevaa suruali pana ndani ya gauni na mitandio yao. Huyu ndiye atakayebeba mimba na kuzaa, ndiye atakayelea. Ukimfungia ndani tangu miaka saba, umemwandalia nini? Na hiyo simu uliyompa humo chumbani ndiyo iliyomwondolea haya, sio kamba.

Msinielewe vibaya. Sizungumzii vijana wanaokesha vibanda umiza wakitazama Ulaya wanacheza. Huyo anayetazama hachezi, amekaa kama mwanao. Wala sizungumzii kubeti. Hiyo ni kamari, ni haramu, hata ukiiita mkeka. Na mchezo unaokula Swala hatuutaki. Ndiyo maana wetu tumeuweka baada ya Alasiri, na adhana ya Magharibi ikikaribia kila mtoto awe ameshafika kwao.

Basi nawaomba mambo matatu. Mzazi, punguza tuisheni siku mbili tu kwa wiki, mtoto acheze nje. Ikiwa shule iko karibu na njia ni salama, atembee. Walimu wenzangu wa madrasa, tengeni hiyo nusu saa, na fimbo ya vumbi tuiweke chini. Wajumbe wa kamati za shule, mkienda kikaoni msiulize matokeo peke yake. Ulizeni watoto wanatoka nje mara ngapi kwa wiki, na nani amepewa ule uwanja.

Wazee wangu watatu, najua mnasoma hapa kupitia simu za wajukuu zenu. Karibuni Jumatatu baada ya Alasiri, nitawawekea viti kivulini. Mwangalie watoto nusu saa, kisha mwingie darasani mwasikilize wakisoma. Mkiona wamesoma vibaya kuliko zamani, nitaufunga uwanja mimi mwenyewe.

Ewe Mola wetu, tupe watoto wenye miili yenye afya na nyoyo zenye kukukumbuka, na utusamehe tulipowadhulumu tukidhani tunawalea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mzazi mwenzio.