Mali Bila Daftari

Wananchi wenzetu, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Oktoba 13, 2015, maelfu ya Wakenya waliamka wakakuta milango ya Imperial Bank imefungwa, na benki yao imewekwa chini ya mrasimu. Haikuangushwa na ukame wala vita. Benki Kuu ya Kenya ilitaja mwenendo wa biashara usio salama, na baadaye ikabainika kwamba mabilioni ya shilingi yalikuwa yametoka kwa udanganyifu ambao hesabu zilizochapishwa hazikuuonyesha. Wakati huo sheria ya bima ya amana ilimkinga kila mteja kwa shilingi 100,000 pekee. Kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 500,000 mwaka 2020. Mwaka 2021 benki hiyo ilitiwa katika ufilisi.

Yafaa ieleweke kwamba fedha za benki si mali ya wakurugenzi. Ni akiba ya mwalimu, ya mkulima, ya chama cha akina mama na ya kanisa linalochanga kujenga. Kwa hivyo kila hatari inayoikabili benki ni hatari yetu sisi.

Hatari hizo ni za namna tatu: za mazingira, za jamii na za utawala. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame ya nchi yetu. Mfugaji ambaye mifugo yake imekufa atalipa mkopo kwa nini? Tazameni pia Lamu, palipokusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira liliifuta leseni yake, kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza kwamba haitaufadhili. Somo ni wazi: anayekopesha mradi bila kuwasikiliza wenye ardhi na bahari yao hukopesha juu ya mchanga.

Lakini mzizi ni utawala. Halmashauri isiyothubutu kumuuliza meneja wake swali haitauliza juu ya mto uliochafuliwa, wala juu ya wanakijiji waliofukuzwa. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitoa mwongozo unaozitaka benki zizingatie hatari za tabianchi katika uongozi na mipango yao. Twaupongeza. Hata hivyo, mwongozo unaosomwa na wakubwa peke yao katika vyumba vilivyofungwa haumlindi mnyonge.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine, iwapo zahitajika ili kutekeleza au kulinda haki yake. Basi tuitumie. Kila kikundi na kila parokia iiandikie benki yake na kuuliza: mnamkopesha nani? Mmepima vipi madhara ya mradi huo kwa watu na mazingira? Wakurugenzi na jamaa zao wamekopa kiasi gani? Benki isiyotaka kujibu imekwisha kujibu.

Demokrasia haikomei kwenye sanduku la kura. Palipo na fedha za umma, sharti pawe na macho ya umma.