Wanapwani wapange wenyewe namna ya kuikabili tufani

Mapema mwezi wa Mei 2024, wakati ufunguzi wa shule ulipokuwa umeahirishwa kwa ajili ya mafuriko, tulitangaziwa kwamba tufani iliyopewa jina Hidaya huenda ikaikumba pwani yetu. Tarehe 4 ikatua kisiwani Mafia, nchini Tanzania, ikiwa imekwisha kupungua nguvu. Sisi tukashusha pumzi, tukarejea katika shughuli zetu.

Mimi sikushusha pumzi. Nilijiuliza, na ningali najiuliza: lau ingalipinda njia ikaja Kipini au Faza, ni nani kijijini aliyekuwa amekabidhiwa kumbeba ajuza asiyejiweza, na angempeleka wapi?

Mwanafunzi wa jiografia atanikumbusha kwamba tufani ni nadra karibu na ikweta, kwa kuwa huko mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo. Ni kweli. Lakini nadra si muhali. Aprili 1872 tufani iliangamiza mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo vya Sayyid Barghash. Aprili 1952 nyingine ikaipiga Lindi. Isitoshe, mpango wa kuhamisha watu wakati wa tufani ndio uo huo utakaofaa Mto Tana ufurikapo, kama ulivyofurika mwaka 1997, 2018, 2023 na 2024. Basi anayesema tutapoteza fedha kwa kujiandaa kwa kisichokuja, hajaishi Garsen.

Tutazame Bangladesh, nchi iliyojifunza kwa msiba. Tufani ya Novemba 1970 iliua huko watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1972 ukaanzishwa mpango wa wanavijiji wa kujitolea ambao hupandisha bendera, hupiga king'ora cha mkono na kupita nyumba kwa nyumba wakiwaondoa majirani zao. Hata hivyo, tufani ya 1991 iliua watu wapatao 138,000, na wanawake waliokufa walikuwa wengi kuliko wanaume. Kwa nini? Baadhi yao walingoja idhini ya waume zao; wengine waliona haya kusongamana na wanaume katika jengo lisilo na faragha. Kuna na waliokataa kuiacha mifugo yao. Mambo haya hayaonekani katika ramani ya mhandisi. Huyajua wanakijiji wenyewe. Baadaye wanawake wengi wakaingizwa katika safu za wanaojitolea, vyumba vikatengwa, na vilima vya udongo vikainuliwa kwa ajili ya ng'ombe. Sidr ilipopiga mwaka 2007 waliokufa walikuwa kama 3,400. Amphan, mwaka 2020, haikufikisha hata mia moja nchini humo.

Majengo mengi ya kukimbilia huko ni shule siku za kawaida. Hapa kwetu pia waathiriwa wa mafuriko hupelekwa shuleni, ila mwalimu mkuu hupata habari watu wakiwa wamekwisha kufika langoni na magodoro. Vyoo ni vya watoto, maji hayatoshi, na masomo hukatizwa bila yeyote kujua yataendeleaje.

Lakini ugumu zaidi, kwa maoni yangu, ni baada ya dhoruba. Wanapwani wengi wanaishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake, na tunaambiwa ni maskwota. Nyumba ya makuti ikizolewa na maji, mwenyewe atathibitishaje kwamba ilikuwa pale? Nachelea kwamba mwenye hoteli atajenga upya na mvuvi atafukuzwa ufuoni kwa jina la usalama wake. Kwa hiyo orodha ya nyumba, mashua, nyavu na visima iandikwe sasa, mbele ya baraza, ikiwa na majina ya wazee mashahidi, na nakala iwekwe kwa chifu na shuleni.

Asiseme mtu kwamba wanavijiji hawana uwezo wa kupanga. Huko Gazi, Kwale, wanatunza mikoko tangu 2013 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya kaboni, na fedha zake wanazielekeza katika maji na shule. Mikoko hiyo hiyo hupunguza nguvu ya mawimbi.

Serikali za kaunti zinalazimishwa na Katiba ya 2010 kuwashirikisha wananchi. Aghalabu ushirikishwaji huo ni kuitwa ukumbini kusomewa bajeti iliyokwisha pangwa. Safari hii kikao kifanyike kijijini, akina mama waketi na waseme, na swali la kwanza liwe lile la yule ajuza.