Kaluvu ni Bia Yetu, Mbona Tunaificha?

Wasee, Wajerumani wana bia inaitwa doppelbock: nzito, tamu ya kimea, ya kunywa baridi ikikaza. Watawa wa München waliipika iwashibishe wakati wa mfungo. Na Bavaria ina sheria ya bia tangu 1516: shayiri, hopi, maji, basi.

Sasa njoo Kitui na Makueni. Tuna kaluvu, ya asali na miatine. Wazee wengi bila hiyo hata mahari hawaanzi. Lakini mama anayeipika anachungulia polisi mlangoni.

Na si eti sheria imekataa. Ile ya 2010 ilihalalisha hata chang'aa, bora iwe na leseni na ifikie viwango. Nani kijijini ataweza hayo peke yake?

Kitu kikifichwa, hakuna anayekipima. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 80 Kenya, wakiwemo wa Kitui na Makueni.

Maoni yangu: kaunti zipime kaluvu, ziwafunze wapishi, leseni iwe bei ya kijijini. Walio chini ya miaka 18 mkae mbali, hiyo haina mjadala.

Mimi chuo sikumaliza, lakini hii hesabu haitaki digrii. Ama mnaonaje?