Wanandoa wastaafu: Kodi si tatizo, tatizo ni kikokotoo

WALIMU wawili wa Zuzu, jijini Dodoma, mume na mke, wakistaafu mwaka mmoja, ndoa yao haihesabiwi katika kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humchukulia kila mwanandoa kama mlipakodi anayejitegemea. Marekani mambo ni mengine: wanandoa wanaoishi pamoja lakini kila mmoja akawasilisha ritani yake, hadi asilimia 85 ya mafao yao ya hifadhi ya jamii inaweza kutozwa kodi, hata kipato kikiwa kidogo.

Hata hivyo, kinachowauma wastaafu wa hapa nchini ni kikokotoo. Wanachama wa iliyokuwa mifuko ya PSPF na LAPF walizoea kulipwa asilimia 50 ya mafao kwa mkupuo. Kanuni za mwaka 2018 zilishusha kiwango hicho hadi 25, Rais John Magufuli akazisitisha Desemba mwaka huo huo. Julai 2022 ikaja 33, na mwaka 2024 Serikali ikawapandishia hadi 40. Ni kweli kwamba mkupuo ukipungua, pensheni ya mwezi huongezeka. Lakini fedha za kumalizia nyumba hutarajiwa kwenye mkupuo, na familia yenye watumishi wawili hupunguziwa mara mbili.