Kushiba Si Kukinai: Tumbo, Ubongo na Lawama ya Ulafi

Tangu jadi, tumbo limebebeshwa lawama nyingi katika fasihi ya Kiswahili. Wahenga walinena kuwa njaa ni mwana malegeza na shibe ni mwana malevya, kana kwamba kiungo hiki kina watoto wawili na wote ni wakorofi. Katika lugha ya siasa nchini Kenya, kitenzi "kula" kimekwisha kuwa sawa na kufuja mali ya umma. Nao waliosoma Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, wanalikumbuka lile jitu linaloingia mkahawani likafagia kila kilichopikwa. Jitu hilo ni istiari ya wanyakuzi wa ardhi, nayo ni istiari iliyofaulu. Suala linaloibuka ni kuwa istiari hiyo haibaki kitabuni. Hutoka darasani ikamfuata mtu mnene njiani, sokoni na hata katika chumba cha daktari, ambako huelezwa, kwa upole au kwa ukali, kwamba maradhi yake yameletwa na mdomo wake mwenyewe.

Makala haya yanashikilia kuwa lawama hiyo imepelekwa mahali pasipo pake. Njaa na shibe huamuliwa kichwani, si tumboni, na kwa kiasi kikubwa huamuliwa bila mwenye kichwa kushauriwa. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina maneno yanayoweza kulieleza jambo hili barabara, ila wanaokisomea wameyaacha mikononi mwa wahubiri wa maadili peke yao.

Chukua vitenzi viwili: kushiba na kukinai. Aghalabu hutumiwa kama visawe, lakini mzungumzaji makini anajua tofauti. Aliyeshiba amejaa. Aliyekinai hataki tena. Mtu anaweza kushiba na bado mkono ukarudi sinia ya pilau. Mwingine hukinai kwa matonge matatu. Kushiba ni habari ya tumbo lililotanuka, ilhali kukinai ni uamuzi kwamba kilichopatikana kinatosha. Wanasayansi wa karne ya 20 walihitaji miongo mingi kuitenganisha hali moja na nyingine.

Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo, takriban kama lozi, iitwayo haipothalamasi. Humo hukutana taarifa kutoka pembe zote za mwili. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni ya grelini, iliyotambuliwa na Wajapani Kojima na Kangawa mwaka wa 1999, nayo huamsha hamu ya kula. Utumbo ukikutana na chakula hutoa homoni nyingine za kuituliza hamu hiyo, na neva ya vagasi hupeleka ripoti ya jinsi tumbo lilivyotanuka na aina ya virutubishi vilivyofika. Kongosho hutoa insulini sukari inapopanda katika damu, na ubongo huisoma insulini hiyo pia. Mafuta yaliyohifadhiwa mwilini hutoa leptini: yakiwa mengi leptini huongezeka, yakipungua nayo hupungua. Ndani ya haipothalamasi yapo makundi mawili ya seli za neva yanayopingana, moja likisukuma mtu ale na jingine likimzuia, na homoni hizi huelemea upande mmoja au mwingine. Kisha ubongo hutoa amri zake, si kwa mdomo tu bali pia kwa ini, kwamba litoe sukari au lishike, na kwa mwili mzima, kwamba uchome nishati nyingi au ubane matumizi. Mfumo huu wote wa kuvunja na kujenga ndio wanaistilahi waliotohoa wakauita umetaboli. Wala si ajabu ubongo kujipa mamlaka hayo. Una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umepumzika hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Mlaji mkubwa kuliko wote yumo fuvuni.

Dalili kwamba ubongo unatawala sukari zilianza zamani. Katikati ya karne ya 19, Mfaransa Claude Bernard alidunga sehemu ya chini ya ubongo wa sungura, na sukari ikaonekana katika mkojo wake. Mwaka wa 1940, Hetherington na Ranson waliharibu sehemu ya haipothalamasi ya panya, nao wakanenepa kupita kiasi. Hata hivyo, kisa chenye mafunzo zaidi kilitokea katika Maabara ya Jackson, jimboni Maine, Marekani. Mwaka wa 1949 walionekana humo panya waliozaliwa wakila bila kikomo. Baadaye Douglas Coleman aliwaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji ili washiriki damu. Panya mnene wa ukoo ule, alipounganishwa na mzima, alipunguza kula akakonda. Lakini panya mnene wa ukoo mwingine alipounganishwa na mzima, yule mzima ndiye aliyeacha kula hadi akafa njaa. Coleman akakata shauri kwamba ukoo wa kwanza haukuwa na ujumbe wa kukinai, ilhali ukoo wa pili ulikuwa na ujumbe tele usiosikilizwa. Wengi walimtilia shaka. Mwaka wa 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, jijini New York, waliitambua jeni ya ujumbe huo, wakauita leptini kwa neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba.

Je, binadamu naye? Mwaka wa 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, ambao miili yao haikuweza kutengeneza leptini. Mmoja, msichana, alipofika umri wa miaka 9 alikuwa na zaidi ya kilo 94. Alikuwa akila na kuomba tena, na bila shaka wapo waliomwona mlafi, na waliowaona wazazi wake wazembe. Alipodungwa leptini, hamu yake ilishuka, na kwa mwaka mmoja akapoteza kilo 16. Hakuhubiriwa wala hakuchapwa. Alipewa homoni. Msichana huyu alikuwa akishiba kila siku ya maisha yake; alichokikosa ni kukinai.

Ikumbukwe kuwa hali ya watoto hao ni nadra mno. Watu wengi wanene wana leptini nyingi, ila ubongo hauitikii ipasavyo, mfano wa ule ukoo wa pili wa panya. Kuwadunga leptini hakukuwasaidia sana. Lakini hata kwao jitihada peke yake hupambana na mpinzani asiyelala. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 kutoka Melbourne, Australia, uliwafuata watu 50 waliopunguza uzito kwa mlo mkali wa majuma kumi. Mwaka mmoja baadaye homoni zao zilikuwa bado zikiutangazia ubongo njaa. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota la 1944 hadi 1945, vijana 36 wenye afya walijitolea kula kidogo kwa miezi sita. Wakageuka watu wa kusoma vitabu vya mapishi na kuota chakula. Na waliporuhusiwa kula, baadhi yao walijaza matumbo hadi yakauma, nao bado wakahisi njaa. Nani atawaita hao walafi?

Yamkini msomaji atapinga kwamba hoja hii inamvua mtu wajibu. Haimvui. Mtu bado huchagua anachonunua, pale anapoweza kuchagua. Lakini wajibu hauwezi kupimwa kwa mizani iliyosahau mazingira. Utafiti miongoni mwa Waturkana, uliochapishwa mwaka wa 2020, ulionyesha kuwa wale waliohamia mijini walikuwa na dalili mbaya zaidi za maradhi ya moyo na umetaboli kuliko ndugu zao wafugaji. Ni vigumu kuamini kwamba tabia njema iliachwa njiani kati ya Turkana na mjini. Kilichobadilika ni chakula na maisha, na ubongo uliofunzwa na uhaba ukajikuta mbele ya mandazi, soda na chipsi kila kona.

Wala jitu la hadithini halipati msamaha kwa hoja hii. Hakuna homoni ya ardhi, na kamwe haipothalamasi haikumsukuma mtu kunyakua kiwanja cha shule. Mhakiki ana haki ya kuendelea kulishutumu tumbo la istiari, mradi asilisahau lile la nyama na damu.

Dawa mpya zimelifanya suala hili kuwa la dharura. Semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017 kwa kisukari na mwaka wa 2021 kwa unene, huiga homoni moja ya utumbo na kufanya kazi kwa sehemu katika ubongo. (Dawa iliyoitangulia katika jamii hiyo ilitokana na mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Amerika Kaskazini, mganga wa kienyeji angechekwa kwa hilo.) Wanaoitumia husimulia kwamba mawazo ya chakula yaliyokuwa yakiwazonga mchana kutwa yametulia. Kwa Kiswahili fasaha, wamekinai. Na neno ukinaifu, ambalo kamusi hulieleza kama sifa ya kuridhika, lingeweza kabisa kuwa istilahi ya kitabibu, likimaanisha kazi ya kiungo na si daraja la uchamungu.

Anayetafsiri kijikaratasi cha kliniki ya kisukari basi ana uamuzi mdogo wa kufanya. Anaweza kuandika "acha ulafi", au akaandika "ubongo wako unachelewa kukinai". Msomaji wa sentensi ya kwanza atakikunja kijikaratasi akitie mfukoni. Msomaji wa ile ya pili huenda akamrudia muuguzi dirishani, akauliza kama ipo dawa, na bei yake ni shilingi ngapi.