Pombe si blanketi la mvuvi

Omena unaowala mjini huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Huko Muhuru Bay, Migori, na Mbita, Homa Bay, mvuvi hutoka ziwa likiwa shwari. Usiku wa manane upepo na mvua humkuta mbali na ufuo, akalowa chapachapa.

Wengi huamini kwamba kikombe cha chang'aa humtia mtu joto. Mimi kama daktari napinga. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Ngozi huhisi moto, lakini joto la ndani ya mwili hupotea. Maji nayo hunyonya joto la mwili upesi mara nyingi kuliko hewa. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hupumbaa na mikono hulegea. Akiwa amelewa, ni rahisi zaidi kutumbukia majini.

Hatari nyingine ni hii: mvuvi akitetemeka adhuhuri, nguo zikiwa kavu, husema, "Ni baridi ya ziwa," kisha akalala. Hiyo yaweza kuwa malaria, ambayo imeenea sana ukanda huo. Apimwe damu siku hiyo hiyo.

Basi ukienda nyumbani, usimpelekee ndugu yako chupa. Mpelekee koti la mvua, themosi ya chai na, zaidi ya yote, jaketi la kuokoa maisha. Bei yake haifikii ya jeneza.