Michoro ya Mawanga

Ewe mwanafunzi, wako walimu wasemao kwamba masimulizi ya wazee ni ngano tupu, hayafai kuingia katika somo la historia. Nawapinga. Nenda kisiwani Mfangano, katika pango la Mawanga, ukaitazame miviringo ya rangi nyekundu na nyeupe iliyochorwa mwambani. Wasuba, ambao husimulia kwamba wazee wao walivuka ziwa kutoka Uganda, hawadai kuwa ndio walioichora. Husema ni kazi ya Watwa waliowatangulia. Mzushi angalijitwalia sifa hiyo! Lakini ukiambiwa kwamba michoro hiyo huleta mvua, usiandike kwamba ilichorwa kwa ajili hiyo. Hapo umepata habari za imani ya Wasuba. Nia ya mchoraji bado hujaijua.